Tundu Lenye Kingo Laini

Mjomba wangu Eutizio alichinja nguruwe kwa miaka arobaini na mitano, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuliharakisha tumbo. Mabega aliyakata huku akipiga soga na wateja, mapaja aliyatia chumvi huku akigombana na redio, lakini akifika tumboni alinyamaza. Aliweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye aproni, akaingiza vidole viwili kwenye kinena cha mnyama, kulia kwanza halafu kushoto, akipapasa polepole kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Wateja walidhani huo ndio ufundi wa kijiji chetu, Roccavena, wakaenda kuusimulia mpaka Roma. Mimi niliyefanya naye kazi tangu nina miaka kumi na tisa niliona jasho lililomtoka kwenye masharubu, hata mwezi wa kwanza, tulipokuwa tukitoa moshi mdomoni kwa baridi.

Naitwa Domitilla, binti wa dada yake mdogo. Mama alishafariki, sina mume, na nina mdomo. Watu wa hapa wanasema hilo la tatu ndilo lililosababisha la pili. Mjomba naye hakuoa. Tuliishi juu ya duka, yeye chumba cha mbele, mimi cha nyuma, na mezani tuliweka sahani mbili na glasi tatu. Glasi ya tatu ilikuwa ya Fiorenzo, pacha wake, aliyekufa mwaka 1927 akiwa na miaka minane. Kila mchana mjomba aliitia divai kidogo, na baada ya kula aliinywa mwenyewe, uso ameugeuzia ukutani. Nilimwuliza mara moja tu kwa nini mtoto wa miaka minane apewe divai.

"Si angekuwa na umri kama wangu?" alinijibu. "Au unadhani wafu hawakui?"

Nikala dengu zangu, nikaacha kuuliza.

Wiki ya kwanza dukani alinilazia nusu ya nguruwe mezani, akaniambia nitaje sehemu. Nilipofika tumboni nikasema ni mfuko.

"Mfuko ni utumbo," akasema. "Hili ni ukuta. Njoo uone ulivyojengwa."

Alinionyesha kwa ncha ya kisu. Chini ya ngozi na mafuta, msuli wa kwanza unashuka kwa mshazari kuelekea mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mikono mifukoni. Chini yake upo wa pili, nao umeshika mshazari wa kinyume, unaukatiza wa kwanza. Wa tatu umelala kama mkanda wa suruali. Kati ya msuli na msuli kuna utando mwembamba unaoteleza, na mtu mwenye mkono mzuri anaweza kuzitenganisha tabaka zote bila kutoboa hata moja. Halafu misuli hiyo mitatu ikikaribia katikati inaacha kuwa nyama. Inageuka kuwa shuka nyeupe, ngumu, zisizo na damu, na shuka hizo zinaifunga misuli mingine miwili iliyosimama wima kutoka mbavuni hadi kwenye mfupa wa kinena. Katikati kabisa, shuka za kulia na za kushoto zimeshonana uzi kwa uzi kwenye mstari mmoja mweupe.

"Vuta," akaniambia.

Nilivuta kwa mikono yote miwili, mguu nimeutegemeza kwenye meza. Ule mstari haukukatika.

"Ndiyo maana ukicheka tumbo halimwagiki. Sasa shuka huku chini." Akanishika kidole na kukiweka kwenye kinena cha yule mnyama. "Hapa mjenzi aliacha mlango. Kwa dume lazima auache, kuna mshipa unapita kwenda kwenye korodani. Mtoto akizaliwa, mlango unatakiwa ubane. Usipobana..."

"Usipobana?"

"Unapata ngiri. Utumbo unachungulia nje kama huyo Quirino hapo."

Quirino, jirani yetu, alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake tangu asubuhi, hajanunua kitu. "Nimesikia hiyo!" akafoka. "Mimi nachungulia, lakini mimi ni mteja!"

"Mteja wa maneno," nikamwambia, na mjomba akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, ila alikicheka huku kiganja amekibana upande wa kulia, chini ya mkanda. Siku hiyo sikulitilia maanani.

Katika nguruwe thelathini hivi, mmoja alikuwa na ngiri. Huyo mjomba alimpasua peke yake, mlango amefunga. Siku moja akaniita ndani. Alikuwa amelibandua lile eneo la kinena lote, ngozi juu, nyama chini.

"Tazama ngozi. Ina kitu?"

"Haina hata mkwaruzo."

"Tia kidole chini yake."

Kidole changu kikazama kwenye tundu la ukubwa wa dole gumba.

"La leo au la zamani?"

"Nitajuaje, mjomba? Mimi ni mchawi?"

"Kingo. Tundu la leo lina kingo zilizochanika, zina nyuzinyuzi, zina damu. La zamani kingo zake ni nene, zimeviringika, laini kama tundu la kifungo. Ukikuta kingo laini, mnyama kazaliwa nalo. Ngozi usiisikilize, ngozi inajifunga upesi." Akakitoa kidole changu na kuingiza chake, akakizungusha mle ndani muda mrefu. "Huyu alizaliwa nalo, maskini."

Nilimwona macho yamemlowa, kwa ajili ya nguruwe. Nikadhani mjomba wangu ana wazimu kidogo.

Kuna jambo nilipaswa kulitaja mwanzo, ila hata sasa silitaji kwa raha. Kila tarehe ishirini na nne ya mwezi wa sita, siku ya Mtakatifu Yohane, mjomba alipanda hadi shamba la Quirino, nyuma ya zizi la kondoo, kwenye mwaloni mmoja. Mti wenyewe haukuwa mkubwa sana, mtu mmoja aliweza kuukumbatia. Ulikuwa na kovu lililoanzia usawa wa goti hadi usawa wa kifua, gome limevimba pande zote mbili na kukutana kama midomo iliyofumbwa. Nilipokuwa na miaka tisa nilimwomba anichukue, akanichukua. Alivua kofia. Akapitisha dole gumba juu ya kovu, juu hadi chini. Kisha akaweka sikio na kugonga mara tatu.

Mti ulijibu. Sisemi ulitoa sauti ya mti. Nimegonga miti mingi maishani. Huu ulijibu kama mlango wa nyumba yenye mtu: du, du, du, kutoka ndani, kwa chini.

"Umesikia?" mjomba akaniuliza. Alikuwa anatabasamu.

"Nani yumo?"

"Fiorenzo."

Nilikimbia mpaka nyumbani, kiatu kimoja nikakiacha huko na hakuna aliyenituma kukifuata. Mimi ni mwanamke ninayepasua kichwa cha nguruwe kwa pigo moja, na nakiri hapa kwamba kwa miaka ishirini na tano nilizunguka njia ya mtoni nisipite karibu na zizi lile.

Habari yenyewe nilikuja kuambiwa na mama, alipokuwa mgonjwa na hana tena sababu ya kuficha.

Bonde letu lina kichekesho chake. Zamani wachinjaji wa huku, waliozoea matumbo ya nguruwe, walijifunza kupasua na watu. Walitoa mawe ya kibofu, walishona ngiri, wakaitwa mpaka kwa wafalme. Sisi ni wajukuu wao. Lakini babu yangu, alipopata mapacha wawili na wote wana ngiri upande wa kulia, hakutaka kusikia habari ya kisu. Aliyajua mno mambo ya ukoo. Wahenga waliiponya ngiri ya mtoto wa kiume, ndiyo, lakini walipofunga mlango walikata na korodani ya upande huo, na wakati mwingine zote mbili. Mtoto alirudi nyumbani mzima, hatapata uzao. Kwa hiyo mwaka 1921, mapacha wakiwa na miaka miwili, babu aliwapeleka kwenye mti, kama walivyofanya wote waliopenda wajukuu.

Unachagua mwaloni mchanga, unaupasua katikati kwa shoka na kabari ukiwa umesimama, bila kuukata. Alfajiri ya Mtakatifu Yohane mtoto anapitishwa uchi kwenye upasuko mara tatu, kutoka mikono ya mtu mmoja hadi mikono ya mwingine. Kisha mti unafungwa kwa mikanda ya kitambaa aliyoviringishiwa mtoto alipokuwa mchanga, unakandikwa udongo. Mti ukishikana, na tumbo la mtoto linashikana. Baada ya hapo mti ule haukatwi maisha, kwa sababu yakiupata ya kuupata, yanampata na yeye.

Mkunga Cleofe, aliyesimamia mambo hayo, alimwambia babu: mti mmoja, mtoto mmoja. Baba yake Quirino, mwenye shamba, alikuwa ametoa mwaloni mmoja tu.

"Wametoka tumbo moja," babu akasema. "Mti mmoja utawatosha."

Fiorenzo ndiye aliyetangulia kuzaliwa, kwa nusu saa, kwa hiyo alipaswa kutangulia kupita. Lakini alikuwa amelala. Walipomwamsha akapiga kelele, akajikaza mwili, na jua lilikuwa linakuja, wakamweka chini wakampitisha Eutizio kwanza. Fiorenzo akapita wa pili. Wakaufunga mti kwa mikanda ya wote wawili.

Mwaka haukuisha gome likafumba. Uvimbe wa Eutizio haukuonekana tena. Wa Fiorenzo ulitoka na kurudi kwa miaka sita, mpaka siku moja ya kuvuna dengu ulitoka, ukawa mgumu, haukurudi. Alitapika kijani siku mbili. Walikuwa wanalala kitanda kimoja, na asubuhi ya tatu Eutizio ndiye aliyemtikisa mwenzake aamke. Mkunga Cleofe alikuja kumwosha marehemu, na huku anamwosha, mtoto aliye hai amesimama pembeni, akasema: "Mti ulitoa ulichokuwa nacho. Aliyetangulia kakomba vyote."

Mtoto wa miaka minane akalisikia hilo. Yule mwanamke namlaani mpaka leo, na sijali kama ni dhambi.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa glasi ya tatu, na hayo ndiyo mapapaso ya kinena. Mjomba aliishi maisha yake yote kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake kanisani, anayegeuka kila mlango ukilia.

Alipofika miaka hamsini na saba mlango ulilia. Niliona ameacha kubeba mizoga. Akikohoa anashika upande wa kulia kwa mikono miwili. Nikamkabili jikoni.

"Mjomba, una ngiri."

"Nina umri."

"Una ngiri, na unajifunga mkanda wa farasi chini ya suruali, nimeuona umeanikwa. Twende hospitali. Siku hizi ni kazi ya saa moja."

"Hii si ya kushonwa." Alisema kwa upole, kama ananieleza bei ya chumvi. "Si yangu. Ni ya Fiorenzo. Amekuja kuchukua zamu yake."

Nywele zilinisimama. Hivyo tukaishi miaka mitatu, yeye anasubiri, mimi namtazama akisubiri.

Mwaka 1979 theluji ilianguka mwezi wa tano, baada ya miti kutoa majani. Theluji ya wakati huo ni nzito na ina maji, inakaa juu ya majani haishuki. Saa moja na nusu asubuhi tulikuwa tunafungua duka tukasikia mlio kutoka juu, mlio mmoja, mkavu. Mjomba aliacha ufunguo mlangoni. Alikimbia bila kofia, mzee wa miaka sitini, na mimi nyuma yake, njia ile ile ambayo sikuwa nimeikanyaga tangu utoto.

Quirino alikuwa ameshafika, mikono kiunoni. Mwaloni ulikuwa umepasuka kwenye kovu, juu hadi chini. Nusu imesimama, nusu imelala kwenye theluji, imeshikiliwa na shina kwa chini.

"Mnyororo," mjomba akasema. "Quirino, lete mnyororo na kamba. Tunaufunga."

"Unafunga nini, mzee? Huo ni wa kuni sasa."

"Lete mnyororo!"

Hakungoja. Aliingiza bega chini ya ile nusu iliyolala, akapanga miguu, akanyanyua. Quirino alikuwa anapiga kelele kwamba huo mti ni mzito kuliko ng'ombe. Nusu ile ilipanda shubiri moja, naapa niliiona ikipanda. Kisha mjomba akaiachia. Hakulia. Alikaa kwenye theluji taratibu, kiganja kwenye kinena, akatazama mbele yake kama mtu aliyeitwa jina.

Tulimteremsha kwa trekta ya Quirino hadi kitandani. Nilimfungua mkanda. Uvimbe ulikuwa sawa na ngumi, mgumu, ngozi inang'aa. Nilijaribu kuurudisha jinsi alivyonifundisha kwa nguruwe, polepole, kwa vidole bapa. Haukurudi. Nilijua ninachokitazama: utumbo uliopita kwenye tundu jembamba, kingo zimeukaba, damu haifiki. Una saa chache, halafu unaoza, na mwenye tumbo anaufuata.

"Quirino, washa gari."

"Siendi," mjomba akasema.

"Utakufa."

"Ndiyo."

"Usiniambie ndiyo kama umeulizwa unataka kahawa!"

"Domitilla, mwanangu." Hakuwa ananiita hivyo kila siku. "Nimekaa kwenye nafasi yake miaka hamsini na minane. Nilipita kwenye zamu yake. Mti umefunguka, anaitaka. Mwache."

Nilimtukana. Nilimwita mbinafsi, nilimwita mwoga, nikamwambia anamtumia mtoto mfu kama kisingizio cha kuniacha peke yangu na nguruwe sita banda la nyuma. Alinisikiliza kwa subira, uso umemgeuka rangi ya majivu. Saa tatu alianza kutapika. Nilishuka ngazi nikilia, na nilipofika chini sikwenda kwa padri wala kwa simu. Nilipanda tena kule juu. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka kuuona uso wa huyo anayemchukua mjomba wangu.

Nilisimama mbele ya nusu iliyosimama, mimi yule yule wa miaka tisa. Halafu nikatazama ndani.

Kulikuwa na uwazi. Kuanzia goti hadi kifua, uwazi mrefu, mweusi, mkavu, mtu angeweza kulaza mkate mzima ndani yake. Kwa nje tu, gome na mbao yenye unene wa vidole viwili ndivyo vilivyokuwa vimefumba, na hapo ndipo palipopasuka leo: mbao nyeupe, nyuzinyuzi, mbichi. Ndani, pande zote mbili, mbao ilikuwa imejiviringa kuelekea ndani, imezeeka, nyeusi. Pembeni niliona kipande cha kitambaa kilichomezwa na mti, kimekuwa kama ngozi. Nilivua glavu. Niliingiza vidole viwili, kulia kwanza halafu kushoto.

"Quirino!" nilipiga ukelele wa kusikika bondeni kote. "Lete msumeno wa mota! Nikatie kuanzia hapa mpaka hapa!"

Nilimkuta mjomba amefumba macho. Nikamwekea kifuani lile gogo fupi alilonikatia Quirino, theluji na vumbi la mbao vyote juu ya shuka safi.

"Usifumbue macho. Leo mimi ndiye mwalimu. Tia vidole."

"Domitilla, niache."

"Umenitesa na matumbo miaka kumi na mitano, utatia vidole!"

Akatia. Mikono yake ilijua kazi hata yeye akiwa amekataa. Niliviona vidole vikifika ukingoni, vikasimama, vikarudi, vikazunguka.

"La leo au la zamani?" nikamwuliza.

Chini Quirino alikuwa anapiga honi.

"Kingo laini," akasema.

"Upande mmoja?"

"Zote." Akafumbua macho. "Hili halikufungika."

"Halikufungika hata siku moja. Gome ndilo lililofumba. Ngozi tu, mjomba. Mti haukufunga, si kwako wala kwake. Hukukomba kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kukomba."

"Lakini mimi nilipona."

"Hukupona! Tundu unalo tangu siku uliyozaliwa, kama yeye. Lako lilikaa kimya, lake halikukaa. Ndiyo hivyo tu."

Alitazama lile gogo. Kisha akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu kule juu, kwa sauti ndogo. "Na aliyekuwa ananijibu?"

Ningeweza kumdanganya. Sikumdanganya. "Uligonga kitu kitupu, mjomba. Kitu kitupu kinalia hivyo."

Aligeuza uso ukutani, kama wakati wa glasi. Nikahesabu pumzi zake, maana sikuwa na kingine cha kufanya. Zilifika kumi na nane.

"Mwambie Quirino aache honi," akasema. "Nakuja."

Hospitalini walimpasua saa saba mchana. Daktari alikuwa binti mdogo, Lolli jina lake, kucha fupi na macho ya mtu asiyelala vizuri. Siku ya pili alikuja kitandani kueleza, akachora kwenye karatasi zile tabaka tatu na ile shuka nyeupe. Mjomba akamsahihisha mshazari wa msuli wa pili. Daktari akaangalia, akacheka, akafuta na kuchora upya. Akasema waliukuta utumbo umekuwa wa buluu, wakaufunika kwa vitambaa vya moto wakangoja, ukarudi kuwa na rangi. Tundu wamelishona tabaka kwa tabaka.

"Kingo zake?" mjomba akauliza.

"Laini. Ulizaliwa nalo, mzee. Ni ajabu limekuvumilia miaka yote hii."

"Nilikuwa na pacha. Alikuwa nalo hili hili. Lilimbana akiwa na miaka minane."

"Pole sana."

"Kwa nini yeye, si mimi?"

Daktari alifikiri. Nilimpenda kwa sababu alifikiri. "Hakuna kwa nini," akasema. "Siku hiyo utumbo uliteleza kwake. Ungeweza kuteleza kwako."

Alipoondoka mjomba alikaa anatazama ile karatasi. Nilikuwa namenya chungwa. Nilidhani nitaona uso uliotua mzigo, nilikuwa nimejiandaa kuufurahia.

"Kwa hiyo alikufa tu," akasema.

"Ndiyo, mjomba."

"Si kwa ajili yangu."

"Si kwa ajili yako."

"Si kwa ajili ya kitu chochote. Alikufa tu, bure."

Kidevu kilianza kumtetemeka, kisha mabega, na tumbo likaanza kuruka, tumbo lililoshonwa jana. Nesi alikuwa ametuonyesha jinsi ya kufanya akikohoa, kwa hiyo niliangusha chungwa, nikachukua mto, nikaukandamiza juu ya mshono kwa mikono yangu yote miwili ili ukuta ushike. Alikuwa anamwita Fiorenzo. Hakumwita kwa ile sauti ya mezani niliyoizoea. Alimwita kwa sauti ya mtoto anayemtikisa mwenzake kitandani asubuhi, jina moja, tena na tena, na kila alipoliita nilihisi zile tabaka zote zikinisukuma viganja. Nesi alichungulia akauliza kama mzee anataka dawa ya maumivu. Nikamwambia hapana, amwache, nami nikaendelea kukandamiza.